Gitaa jeupe na amplifaya iliyokuwa chini ya televisheni

Kisa hiki kililetwa kwangu na shemeji wa marehemu, mtu ninayemtengenezea vipaza sauti miaka yote. Aliniambia kwa kifupi: "Fundi, kuna gitaa na amplifaya. Wanataka kugawana na hawasikilizani."

Nyumba ipo Ilala. Marehemu alipiga solo katika bendi za dansi za Dar es Salaam kuanzia mwishoni mwa miaka ya 60. Ameacha mjane, vijana wawili wa kiume na binti mmoja. Nyumba haikuwa na mgogoro. Mgogoro ulikuwa kwenye vyombo viwili vilivyokaa sebuleni: Fender Stratocaster jeupe, gitaa la umeme la Kimarekani, na amplifaya ya Kiingereza ya Vox AC30. Mnunuzi mmoja alikuwa ameshatoa ofa ya shilingi milioni 3 na nusu kwa vyote viwili, taslimu, avichukue siku hiyohiyo. Kijana mkubwa alikataa kwa sababu alikuwa ameona kwenye simu gitaa la mwaka uleule limewekewa bei ya dola 16,000. Binti hakutaka viuzwe kabisa. Shekhe aliyesimamia mirathi ndiye aliyesema neno la maana kuliko wote: vithaminishwe kwanza, maana thumni ya mjane, yaani sehemu yake ya moja ya nane, haiwezi kutolewa kwenye kitu kisichojulikana bei yake.

Nilipofika nilimwamkia bibi, yule mjane, nikanywa chai, kisha nikauliza swali lililomkera kijana mkubwa: vyombo hivi vilikuwa vya nani?

Swali hili si la kumvunjia mtu heshima. Wanaokumbuka dansi la zamani wanajua kwamba mwanamuziki wa enzi zile mara nyingi hakumiliki chombo anachopiga. Bendi zilikuwa za jumuiya, za mashirika ya umma au za wafanyabiashara. NUTA Jazz yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Mpigaji alikuwa mwajiriwa. Akihama bendi, anahama na vidole vyake, vyombo vinabaki. Ndiyo maana nikikuta Fender ya miaka ya 60 nyumbani kwa mzee wa dansi, kabla ya kugusa bisibisi nataka kujua imetokaje bendini. Kama bado ni mali ya mwenye bendi au ya warithi wake, haimo kwenye mirathi, na hakuna mnunuzi makini atakayeitoa nje ya nchi bila karatasi.

Bibi hakukasirika. Aliingia chumbani akarudi na bahasha, ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imeanza kukatika. Ni barua ya mkono ya mwaka 1981. Mwenye bendi anakiri kuwa anadaiwa na marehemu mishahara ya miezi kumi na moja, na badala ya fedha anampa "gitaa moja Fender jeupe na amprifaya moja Vox". Chini kuna sahihi tatu juu ya stempu. Nilimwomba bibi aiweke kwenye nailoni ngumu na asiikunje tena. Barua ile ilikuwa na thamani mbili: ilithibitisha umiliki, na ilisema kwamba mwaka 1981 gitaa lilikuwa tayari jeupe. Kijana mkubwa akalidaka neno hilo mara moja. "Unaona, fundi? Limetoka kiwandani jeupe."

Alikuwa amejisomea, na hoja yake ilikuwa na uzito. Stratocaster nyingi za wakati ule zilitoka na rangi tatu zinazofifiana, njano katikati, nyekundu, kisha nyeusi ukingoni. Nyeupe ilikuwepo pia kwenye orodha ya kiwanda, Fender wakiiita Olympic White, lakini ilitoka kwa uchache, na leo gitaa lililopakwa nyeupe kiwandani linauzwa ghali kuliko la rangi tatu. Gitaa lilelile likiwa limepakwa nyeupe na mtu mwingine baadaye, bei yake huanguka kwa nusu. Kati ya nyeupe moja na nyeupe nyingine kuna fedha nyingi kuliko kati ya gitaa zima na gitaa lililovunjika kitu kidogo. Kazi kubwa ya siku ile ilikuwa hiyo.

Kwanza mwaka. Nililegeza nyuzi, nikageuza gitaa kwenye kanga ambayo binti aliitandika mezani, nikafungua skrubu nne zinazoshika shingo. Bamba la chuma lina herufi kubwa F na namba ya tarakimu sita inayoanza na 1, inayolingana na mwaka 1966. Namba ya bamba peke yake siitegemei. Bamba linatolewa kwa skrubu nne tu na kuwekwa kwenye gitaa lolote, na hata kiwandani mabamba hayakufungwa kwa mpangilio wa namba. Kwenye kisigino cha shingo kulikuwa na mhuri wa wino: 13 MAR 66 B. Kijana akasoma, "Tarehe kumi na tatu, mwezi wa tatu." Wengi wanasoma hivyo, na wauzaji wengi wanaandika hivyo. Ile 13 si tarehe, ni namba ya aina ya shingo, yaani shingo ya Stratocaster. B ni upana wake wa kawaida. Tarehe iliyomo ni Machi 1966, basi.

Potenshomita mbili, vile vifaa vya kuzungusha vya volyumu na toni, zilikuwa na namba 137 6607. Namba 137 ni ya kiwanda cha CTS, 66 ni mwaka, 07 ni wiki ya saba. Zilitengenezwa Februari, shingo ikapigwa mhuri Machi. Mpangilio huo unaingia akilini. Lakini hapa pia lazima tahadhari: Fender walinunua shehena kubwa ya potenshomita mwaka 1966 wakaendelea kuzitumia kwa miaka kadhaa, kwa hiyo namba hiyo inakuambia gitaa halikutengenezwa kabla ya wakati gani, haikuambii lilitengenezwa lini. Mhuri wa shingo ndio uliobeba uzito. Kichwa kikubwa, nembo ya dhahabu yenye ukingo mweusi, pikapu (zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi) zenye vitako vya kijivu, vyote vinakubaliana na 1966.

Hapo nililazimika kutoa habari mbaya ya kwanza. Kampuni ya CBS ilinunua Fender Januari 1965 kwa dola milioni 13, na wakusanyaji wa dunia nzima wanaigawa historia ya magitaa haya hapo hapo. La 1964 na la 1966 unaweza kuyaweka sebuleni usiyatofautishe ukiwa mlangoni, lakini bei zake hazikai meza moja. Kijana alikuwa amechanganya bei za miaka yote kwenye kichwa kimoja.

Sasa rangi. Nilikuwa na taa ya zambarau, ileile wanayokagulia noti bandia madukani. Tulifunga mapazia. Laka ya zamani ya nitroselulosi ikimulikwa na taa hiyo huwa na mng'ao wa njano-kijani wenye ukungu. Kichwa cha gitaa kiling'aa vizuri kabisa. Mwili ulibaki mweusi bubu kama mlango wa gari. Dalili mbaya, lakini dalili tu. Nikafungua plastiki ya mbele. Ndani ya shimo la pikapu, pembeni ambapo nyeupe haikufika vizuri, ilionekana njano ya chini na ukingo wa wekundu. Mtu mwingine angefunga kesi hapo: chini kuna rangi tatu, kwa hiyo limepakwa upya. Hapana. Kiwanda chenyewe wakati mwingine kilipuliza rangi ya oda juu ya mwili uliokwisha kupakwa rangi tatu. Ukihukumu kwa kuona njano chini, unaweza kumdhulumu mjane nusu ya mali yake.

Jibu lilikuwa nyuma. Nilifungua kifuniko cha springi. Springi zimeshikiliwa na kijichuma chenye kucha, na kwenye kijichuma hicho kumelehemiwa waya wa edhi uliovikwa uzi. Juu ya lehemu ile, na kushuka kama sentimita moja juu ya waya, kulikuwa na tone la rangi nyeupe lililokauka likitiririka. Nilimwita kijana mkubwa, nikampa kioo cha kukuzia na tochi, nikamwacha aangalie mwenyewe bila kusema neno. Kiwandani mwili hupakwa rangi, ukakauka, ukang'arishwa, ndipo waya wa kwanza unalehemiwa. Rangi haiwezi kudondoka juu ya waya ambao haujawekwa. Aliyelipaka gitaa hili alilikuta limekwisha kuunganishwa na hakujisumbua kung'oa kila kitu.

Bibi alikuwa amenyamaza muda wote. Akasema, "Mwanangu, mbona mngeniuliza. Yalipakwa mawili, hili na la rithim, gereji ya magari. Mwenye bendi alitaka yafanane na mashati."

Niliandika kila kitu kilichobadilika. Pikapu ya karibu na daraja imesukwa upya na fundi wa hapa, kazi safi, waya wake una rangi tofauti na zile mbili. Potenshomita ya tatu ni ya Kijapani. Funguo za kukazia nyuzi zote sita zimebadilishwa, na alama za zile za mwanzo zinaonekana kwenye mbao. Nilipouliza kama za zamani zilitupwa, binti alikwenda jikoni akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na funguo tano kati ya sita, zimeshika kutu kidogo. Na kile kifuniko cha chuma cheupe kinachofunika daraja, ambacho wapigaji wengi walikitoa siku ya kwanza na kukipoteza, kilikuwa kwenye cherehani ya bibi, kimejaa sindano na vifungo. Vitu hivi vidogo watu hawavihesabu. Mimi nikiwa kwenye nyumba ya namna hii nauliza kuhusu kila droo.

Kijana mkubwa aliuliza kama wangelipeleka likapakwa rangi tatu upya, liwe kama lilivyozaliwa. Nilimkataza kwa nguvu zote. Rangi ya mwanzo ikishatoka imetoka. Ya pili ya kuiga hairudishi bei, na inafuta ushahidi uliobaki: ile njano ya pembeni, lile tone juu ya waya, historia ya mashati.

Akanigeuzia hoja nzuri: gitaa jeusi la David Gilmour, mpigaji wa bendi ya Pink Floyd, nalo lilikuwa la rangi tatu likapakwa nyeusi, likabadilishwa shingo mara kadhaa, likatobolewa, na bado mwaka 2019 liliuzwa kwenye mnada wa Christie's, New York, kwa dola 3,975,000. Ni kweli. Pale watu walinunua mkono uliolipiga, na ushahidi wa picha na rekodi ulikuwa tele. Baba yao naye alirekodi Radio Tanzania na alipendwa na watu. Kwangu mimi, nyimbo zile ni sehemu ya nchi hii. Lakini soko linalolipa dola halimjui, na ninaumia kuliandika hilo. Niliwaambia watafute picha yoyote inayomwonyesha na gitaa hilihili, waiweke pamoja na barua. Haitaongeza mamilioni kwa mnunuzi wa Ulaya. Kwa mnunuzi wa hapa, kwa mtu anayejenga mkusanyo wa muziki wetu, inaweza kuwa ndiyo sababu ya kununua.

Amplifaya ilikuwa chini ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna mwanafamilia aliyeitolea macho. Mnunuzi wa milioni 3 na nusu, bibi alivyonisimulia, gitaa aliliangalia dakika mbili tu, lakini alipiga magoti nyuma ya amplifaya kwa muda mrefu. Mtu huyo alijua anachokitafuta.

AC30 hii ni ya kiwanda cha Jennings cha Dartford, Kent, Uingereza, yenye paneli ya rangi ya shaba, ile ya nusu ya kwanza ya miaka ya 60 kabla hawajahamia paneli za kijivu. Ina matundu sita ya kuingizia na kitambaa cha mbele chenye michoro ya almasi. Aina hii ndiyo iliyotumiwa na The Beatles, na inatafutwa mpaka leo. Nyuma nilikuta spika mbili za Celestion za inchi 12, za bluu, zote mbili za mwanzo. Karatasi ya moja ilikuwa imechanika ukubwa wa sarafu na kuzibwa kwa karatasi laini na gundi, matengenezo ya mtu mwenye akili. Spika hizo peke yake zinafikia fedha nzuri, na ndizo zilizompigisha magoti yule bwana.

Sikuiwasha. Mtu akikuletea amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za kukuza sauti, iliyolala miaka ishirini na kukuambia "ichomeke tusikie", mkatalie. Ndani yake kuna zaidi ya volti 300, na kapasita, yaani vihifadhi chaji, zilizokauka zinaweza kuunguza transfoma kwa dakika moja. Na transfoma za mwanzo ni sehemu kubwa ya bei. Nilipima kwanza kama kuna chaji iliyobaki, nikatoa valvu zote, nikapandisha umeme polepole kwa transfoma ya kurekebisha volti. Transfoma zake zote mbili nzima, lehemu za kiwandani hazijaguswa. Kwa nini zilinusurika? Amplifaya za Kimarekani za volti 120 nyingi ziliungua hapa kwetu kwa kuchomekwa moja kwa moja ukutani. Hii ya Kiingereza ilizaliwa kwa umeme unaofanana na wetu.

Hasara zake: kona moja ya chini imeliwa na mchwa eneo la kiganja, kitambaa kina ukungu, valvu moja kati ya EL84 nne haipo, kapasita kubwa zimevimba. Mwenye gitaa hushangaa nikimwambia kwamba kubadilisha kapasita hakupunguzi bei ya amplifaya, wakati kupaka rangi gitaa kunaikata kwa nusu. Kapasita ni kama tairi, imewekwa ili ichakae. Laka ni ngozi.

Sasa hesabu niliyoiandika. Dola 16,000 za kwenye simu ni bei anayotaka muuzaji. Nilitafuta yaliyokwisha kuuzwa, nikaanzia dola 13,000 kwa 1966 lililo zima la rangi tatu. Nusu kwa ajili ya rangi: 6,500. Nikatoa 500 za pikapu iliyosukwa, na 300 za potenshomita na funguo, ikabaki 5,700. Lakini hiyo ni bei ya dukani Ulaya au Marekani, na gitaa lipo Ilala. Wakala wa kuuza huchukua kama robo.

Kisha kuna ubao wa vidole. Fender walitumia rozwudi ya Brazili mpaka kwenye mwaka 1966 hivi, kisha wakahamia ya India. Mti ule wa Brazili ni ndugu wa mpingo wetu, jenasi moja, Dalbergia, na tangu 1992 upo kwenye orodha kali kuliko zote ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Msamaha uliotolewa kwa vyombo vya muziki mwaka 2019 hauugusi mti huo. Shingo ya Machi 1966 lazima ichukuliwe kuwa ya Brazili, hivyo bila kibali haivuki mpaka kihalali. Baada ya wakala, kibali, bima na nauli, nilikadiria familia itabakiwa na dola 3,800. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, milioni 9 na nusu.

Amplifaya kama hiyo ikiwa nzima Ulaya niliiwekea 3,200, nikashusha mpaka 2,400 kwa hasara zake. Kusafirisha zaidi ya kilo 30 zenye valvu za kioo hakulipi, kwa hiyo nikaandika bei ya kuuziwa hapahapa: dola 2,000, milioni 5.

Mezani kijana mkubwa aliona hasara ya mamilioni aliyokuwa nayo moyoni. Bibi aliona milioni 14 na nusu ambazo karibu ziondoke kwa 3 na nusu. Kijana hakubishana tena. Alikuwa ameliona lile tone kwa macho yake.

Studio moja ya Dar ilinunua amplifaya kwa milioni 4.7, baada ya kuja na fundi wao na kukagua taarifa yangu kifungu kwa kifungu. Gitaa halikuuzwa. Binti aliomba lihesabiwe kwenye fungu lake. Baada ya thumni ya mama, fungu lake halikufika milioni 2 na nusu, kwa hiyo inabidi awafidie ndugu zake na mama milioni 7 na kidogo, na wamekubaliana alipe kwa awamu. Amekwisha kulipa mbili. Nilimfungia zile funguo tano za mwanzo, ya sita nimeazima kwenye gitaa jingine mpaka tupate yake, na kifuniko cha daraja kimerudi mahali pake. Sindano za bibi sasa zinakaa kwenye kopo la maziwa.